Tupeane uzoefu: usalama wa miji midogo ya Marekani ukoje hasa?

Mtoto wa Korogwe (mleta mada)

Habari za majukumu wakuu. Mdogo wangu na mkewe wanahama Dallas kuja huku kwetu Iowa, mji wa watu wasiofika 9,000. Kazi imeshapatikana, kiwanda hikihiki cha nyama ninachofanya mimi. Tatizo shemeji hana usingizi. Kaingia mtandaoni akakuta ramani ya uhalifu, mji wetu umepakwa nyekundu. Juzi kanipigia saa nne usiku: "Shemeji, mnatuita tuje tufe?"

Nikamfafanulia hesabu. FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, hupima uhalifu kwa kila watu 100,000. Mji wa watu 9,000 akiuawa mtu mmoja tu, kiwango kinasomeka 11. Nchi nzima mwaka 2023 kilikuwa chini ya 6. Kwa hiyo ugomvi wa nyumba moja ukiishia kwa kifo, mji mzima unaonekana mbaya karibu mara mbili ya wastani, na mwaka unaofuata unasomeka sifuri. Takwimu za 2021 ndizo usizishike kabisa: mwaka huo FBI walihamia mfumo mpya wa kupokea taarifa, idara nyingi za polisi zikashindwa kupeleka, hata New York na Los Angeles hazikuwemo.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa shemeji, lakini ninyi mnaishije?" Hapo nikakwama. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Naomba yaliyokukuta wewe mwenyewe, si ya kusimuliwa.

Naanza. Januari, mwaka wangu wa pili huku. Zamu yetu inaingia alfajiri, na baridi yake ni ya kukausha kope. Kila mtu mtaani kwetu anawasha gari lipate moto, anarudi ndani kumalizia chai. Nami nikafanya hivyohivyo, ufunguo ndani. Dakika sita. Nilipotoka theluji ilikuwa inaanguka, na pale lilipokuwa gari pamebaki mstatili mweusi wa lami, mkavu, na theluji imeanza kuufunika pembeni. Nilisimama nautazama ule mstatili kama mtu aliyefiwa. Lilipatikana siku ya tatu mji wa jirani, halina mafuta, kiti cha mtoto kimetupwa nje. Askari aliyekuja kuandika maelezo aliniambia magari mengi yanayoibwa hapa hayavunjwi, yanakutwa wazi. Tangu siku ile nafunga, hata nikienda kutupa taka.

Mama Furaha

Mwanangu wa Korogwe, asante kwa mada. Sisi ni Wakongomani, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 2017 tukaletwa mji mdogo wa Kentucky. Wezi sijawaona. Langu ni la mlango.

Mwaka wa kwanza nilipika sombe, yaani kisamvu, nikamtuma kijana wangu wa miaka 14 apeleke sahani kwa dada mmoja wa kanisani, mtaa wa pili. Ilikuwa magharibi, giza limeanza. Nyumba za pale zimefanana zote, nyeupe, baraza moja. Akakosea. Akapiga hodi kama nilivyomlea, kwa sauti, na hakuitikiwa. Akapiga tena. Akazunguka mlango wa nyuma, maana kwetu mlango wa mbele usipoitikiwa unakwenda wa jikoni. Mwenye nyumba akatoka na bunduki.

Mungu ni mwema, yule mzee aliiona sahani. Mtoto aliganda, mikono yote miwili imeshika sahani, hakuweza hata kuinyanyua. Mzee akashusha bunduki, akamwambia arudi kwao. Alifika nyumbani na sombe yote, hakumwaga hata tone, halafu akakaa sakafuni akaanza kutetemeka.

Nilikasirika sana wakati ule. Baadaye, Aprili 2023, nikasikia ya Kansas City: kijana wa miaka 16 kaenda kuwachukua wadogo zake, kabonyeza kengele ya nyumba siyo, akapigwa risasi. Yeye alipona. Siku mbili tu baadaye, huko Hebron, sehemu ya mashambani New York, gari la vijana liliingia njia ya nyumba siyo, wakitafuta kwa rafiki yao. Walikuwa wanaondoka. Binti wa miaka 20 akauawa. Aliyepiga alihukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha, lakini binti wa watu ndiyo hivyo ameshakwenda. Niliposikia nilimwita kijana wangu, nikamshika kichwa, nikalia.

Siku hizi nyumbani kwangu sheria ni moja. Hauendi kwa mtu kabla hajapokea simu. Ukifika, unabaki kwenye mwanga mbele ya nyumba, unampigia tena, atoke yeye. Nyuma ya nyumba ya mtu hauendi. Inaniuma kumfundisha mtoto kwamba hodi inaweza kumuua, lakini namfundisha.

Nyambura wa Lewiston

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, nahudumia wazee hapa Maine. Lewiston hatufiki watu 40,000, na jimbo hili watu walikuwa wanalisifu kwa usalama, wengine hata mlango hawafungi. Tarehe 25 Oktoba 2023 nilikuwa zamu ya usiku. Simu zetu zikaanza kulia. Mtu mmoja ameingia ukumbi wa mchezo wa bowling, kisha baa, ameua watu 18 na kujeruhi wengine 13. Na hajakamatwa.

Tuliambiwa tujifungie. Tukazima taa za nje, tukateremsha mapazia yote, tukawasogeza kina nyanya mbali na madirisha, kitanda kimojakimoja. Kulikuwa na nyanya mmoja asiyekumbuka hata jina la bintiye. Usiku ule alinishika kidole hiki cha mwisho, hakukiachia hadi asubuhi. Wenzetu wa zamu ya mchana hawakuweza kuja, mji mzima ulikuwa umefungwa, kwa hiyo tuliendelea sisi. Watoto wangu walikuwa nyumbani na jirani Mmarekani, mama wa makamo ambaye tulikuwa tunapungiana mikono tu. Alivuka uwanja kwa miguu kwenda kukaa nao, bila kuombwa. Siku mbili baadaye, usiku, ndipo yule mtu alipopatikana, amejiua.

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba familia yake na wenzake jeshini walikuwa wametoa tahadhari miezi kadhaa kabla. Tume huru iliyochunguza ikasema polisi walikuwa na sababu ya kutosha kumchukulia silaha mapema. Kwa hiyo mwambie shemeji wako hivi: akija, ajue jina la jirani wa kulia na wa kushoto wiki ya kwanza. Mimi nilichelewa miaka minne.

Kivu Kwetu

Mimi ya polisi tu, kwa ufupi. Kwetu askari akikusimamisha unashuka, unamwendea kwa heshima. Nilishuka. Nilisikia mtu akinifokea kwa sauti ambayo sijawahi kufokewa, mkono uko kiunoni. Sikuelewa Kiingereza chake, ila nilielewa mkono. Nikarudi ndani.

Hatukumsahau Patrick Lyoya, kijana wetu wa Kongo, miaka 26. Grand Rapids, Michigan, tarehe 4 Aprili 2022, alisimamishwa kwa sababu ya namba za gari. Alishuka. Ikaishia na risasi ya kichwani akiwa amelala chini. Askari alishtakiwa, na mwaka 2025 baraza la wazee wa mahakama (jury) halikukubaliana, kesi ikaisha bila hukumu. Grand Rapids si mji mdogo, lakini barabara ni zilezile.

Mfundishe mdogo wako kabla hajashika usukani: kaa ndani, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono juu ya usukani, na kabla ya kufungua droo kutafuta karatasi, sema unataka kufanya nini.

Mgeni (jina limefichwa kwa ombi lake)

Kwangu mhalifu alikuwa na ufunguo wa nyumba. Sitaeleza yote. Miaka mitatu nilivumilia kwa sababu alikuwa akiniambia nikiita polisi nitarudishwa Afrika. Mji mdogo ni mbaya kwa hilo, kila mtu anamjua mume wako, anamsifu kanisani.

Siku niliyopiga 911, namba ya dharura ya huku, Kiingereza chote kiliniruka. Nilisema neno moja, "Swahili", nikalirudia. Wakaniambia nisikate, wakaniunganisha na mkalimani, mama wa Kitanzania kwa lafudhi yake. Aliponiambia "pole mama, niko hapa, sema polepole" nilishindwa kusema, nililia tu.

Dada zangu, ipo viza ya U, iliwekwa na sheria ya mwaka 2000, kwa ajili ya walioathirika na uhalifu wa namna hii wakatoa ushirikiano kwa polisi. Zinatolewa 10,000 kwa mwaka kwa waathirika wenyewe na foleni ni ya miaka, lakini ipo. Tafuteni mwanasheria wa msaada kabla hamjaamini maneno ya mtu anayewapiga.

Mtoto wa Korogwe (mleta mada)

Mgeni, nimesoma mara mbili. Pole sana dada yangu, na asante kwa kusema. Nimempigia shemeji nikamsomea maneno yako kama yalivyo, mdogo wangu akiwepo.

Mama Furaha, lile la hodi sikuwahi kuliwaza, na mimi nina kijana wa miaka 12 anayependa kutumwa. Jioni hii tumetembea naye mtaa mzima tukisoma namba za nyumba. Nyambura, nimegonga kwa majirani wa pande zote mbili za nyumba watakayopanga, mchana kweupe, nimewaambia nani anakuja na gari lao lina rangi gani. Mmoja ni mzee aliyestaafu reli. Ameniuliza kama watoto wana makoti ya baridi.

Mama Furaha

Umefanya vema baba. Na hiyo nyumba yao, mwambie namba aibandike kubwa mbele, isomeke usiku. Huku gari la wagonjwa linafika haraka, likapita nyumba kwa kukosa namba. Kwa mume wangu lilipita mara mbili.