Tupeane uzoefu: tabaka la kati Marekani, pesa inavujia wapi?

Mchumi wa Ohio: Wakuu, heshima kwenu. Mwaka 1971, Wamarekani 61 kati ya kila 100 waliishi kwenye kaya za kipato cha kati. Mwaka 2023 walibaki 51. Hizo ni hesabu za Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani. Wapo waliopanda, wapo walioshuka, ila fungu la tabaka hili katika mapato ya kaya zote limepungua kutoka asilimia 62 mwaka 1970 hadi 43 mwaka 2022. Siasa za Washington tuziache. Ninyi mnaoshughulika na mishahara, kodi na bili kila siku, semeni mianya iko wapi na inazibwaje.

Karani wa Kodi: Naanza na mkataba wa kazi. Angalia mwisho wa mwaka utapewa fomu gani. Ukiwa wa W-2, yaani mwajiriwa, unakatwa asilimia 7.65 ya Social Security (pensheni ya taifa) na Medicare (bima ya afya ya wazee), na mwajiri anaweka 7.65 yake. Ukiwa wa 1099, yaani umehesabiwa kama mkandarasi unayejitegemea, unabeba 15.3 peke yako, kisha kodi ya mapato juu yake. Hakuna malipo ya ziada ukizidisha saa 40 kwa wiki, na bima unajinunulia. Kwa hiyo dola 25 kwa saa za 1099 ni ndogo kuliko dola 25 za W-2. Ndugu zetu madereva wa mizigo na walezi wa wazee wauangalie sana mtego huu.

Kinachoharibu ni kwamba pesa ya 1099 inaingia nzima bila kukatwa kodi, inaliwa nzima, halafu Aprili inakuja na deni na faini. Kodi hiyo hulipwa kwa awamu 4, katikati ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Robo ya kila malipo ihamishie akaunti nyingine siku ileile. Na kama bosi ndiye anayekupangia saa, njia na vifaa, huenda hiyo 1099 si halali. Jaza fomu SS-8, IRS (mamlaka ya kodi ya shirikisho) wataamua bila malipo, ingawa jibu huchukua miezi.

Mama Bili: Mimi naogopa hospitali kuliko yote, maana wenye bima nao wanaanguka. Bima ya makato madogo kila mwezi inaweza kukutaka utoe maelfu ya dola mfukoni kabla haijaanza kulipa. Bili ikija, usikimbilie kadi ya mkopo. Ukilipa kwa kadi, deni la hospitali limegeuka deni la benki lenye riba.

Omba kwanza bili yenye mchanganuo wa kila huduma, uilinganishe na karatasi ya maelezo ya bima. Huduma iliyoandikwa mara mbili utaiona hapo. Kisha uliza kama hospitali ni ile isiyo ya faida. Kama ndiyo, sheria ya shirikisho inailazimu kuwa na sera ya maandishi ya msaada wa kifedha, na kupokea maombi kwa siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Katika siku 120 za mwanzo hairuhusiwi kukushtaki wala kuchafua rekodi yako ya mikopo. Ambatisha hati za mshahara na tamko la kodi, utunze nakala. Karatasi moja ikikosekana, ombi linakwama. Omba pia orodha ya madaktari wanaofunikwa na sera hiyo, kwa sababu wengine huleta bili yao pembeni.

Zamu ya Usiku: Shikamoo Mama Bili. Kaya ya dola 70,000 inaruhusiwa kuomba?

Mama Bili: Marahaba. Kila hospitali ina kiwango chake, kinachopimwa kwa mstari wa umaskini wa shirikisho, yaani kipato ambacho serikali hukitumia kupima nani ni maskini. Zingine hufika mara 3 au 4 ya mstari huo, na familia kubwa mstari wake uko juu. Omba! Watu wa kati hujinyima wenyewe wakidhani msaada ni wa maskini tu.

Fundi Mahesabu: Naongeza 401(k), akiba ya uzeeni inayopitia kwa mwajiri, kwa ufupi. Mwajiri akiongeza nusu ya unachoweka hadi asilimia 6 ya mshahara, weka hiyo 6 yote. Ukihama kazi usichukue taslimu. Chini ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida unalipa kodi ya mapato na adhabu ya asilimia 10. Agiza ihamishwe mfuko kwa mfuko. Hundi ikiandikwa kwa jina lako, asilimia 20 inazuiwa papo hapo kwa ajili ya kodi, nawe una siku 60 kurudisha kiasi chote, pamoja na hiyo 20 utakayoitafuta kwingine.