Siti ya pikipiki inacheza hata bolti zikikazwa: tupeane uzoefu

Kijiwe_Sokoni:
Wakuu, habari za jioni. Kuna siti imeshinda watu hapa kijiweni. Pikipiki ni ya muundo wa CG 125: mbele kuna ulimi unaoingia chini ya kishikio cha fremu nyuma ya tangi, nyuma kuna bolti mbili, moja kila upande. Siti imetoka kushonwa, sponji jipya na rekisini mpya. Tangu irudi inayumba kushoto na kulia upana wa kidole, na kwenye tuta inalia "kak". Bolti zimekazwa mpaka zimegoma. Waliokutana na siti za namna hii mwageni uzoefu: mlikuta nini, mkatibu vipi?

SpanaKumi:
Mkuu, weka spana chini kwanza. Ukiendelea kukaza utachana bati la siti pale kwenye tundu.

Bolti hazibebi mtu. Kazi yake ni kuzuia siti isinyanyuke. Uzito unabebwa na raba zilizo chini ya bati, zile zinazokalia bomba za fremu, na mbele unashikwa na ulimi. Raba ikikosekana siti inaning'inia kwenye bolti, na kila shimo la barabarani linapanua tundu. Kwa hiyo uliza inacheza kuelekea wapi. Pua, yaani ncha ya mbele ya siti, ikinyanyuka, ulimi haujaingia. Ikienda mbele na nyuma, tundu zimepanuka au bushi za chuma, vile vibomba vya bolti, zimepotea. Ikiyumba kushoto na kulia kama hiyo yako, ni raba: ama zimebaki kwa fundi wa kushona, ama za upande mmoja zimekwisha.

Kipimo ni chaki. Vua kava za pembeni, fungua bolti, nyanyua siti upande wa nyuma kisha ivute itoke. Hesabu vishimo vya raba kwenye bati, halafu hesabu raba zenyewe. Paka chaki nene juu ya bomba za fremu pale raba zinapokaa, rudisha siti, mtu akae, ashuke, itoe tena. Raba iliyogusa itakuwa nyeupe. Isiyo na chaki ndiyo inayoelea.

Mtu_wa_Tuta:
Hiyo ya chaki naunga mkono asilimia mia. Siti nyingi zinavunjwa kwa kukazwa wakati zilihitaji raba tu.

RekisiniNaSponji:
Kabla ya kulaumu raba, tazameni pua. Rekisini ikikunjwa pale mbele bila kupunguzwa, kwenye kona inajirundika tabaka tatu au nne, na kila tabaka ni kama mm 1. Hapo ulimi unainuka na kuingia nusu tu chini ya kishikio. Fundi anatakiwa achane mikunjo kwa mkasi kwa umbo la V, ibaki tabaka moja, na aache ulimi wazi kabisa. Tena siti ya bati haipigwi pini. Bati lina meno yake, yanakunjwa juu ya rekisini. Jino likiachwa limesimama linasugua waya wa taa ya nyuma. Pini za stepla ni za siti za plastiki, nazo ziwe fupi, mm 6, zisitokeze upande wa sponji.

Kuirudisha: pua inaanza, siti ikiwa imeinuliwa nyuma. Sukuma mbele huku kiganja kingine kikikandamiza pua. Kabla hujagusa bolti, shika pua uivute juu kwa nguvu. Ikinyanyuka, toa uanze upya.

Dereva_Mtaratibu:
Njia fupi wakuu: kata kandambili, bandika kwa gundi ya viatu, kazi inaendelea.

SpanaKumi:
Kandambili hapana! Ikibonyea hairudi. Siku chache za kubeba abiria inakuwa nyembamba kama karatasi na siti inarudi kulia. Kata raba ya tairi, ile ya katambuga.

Dereva_Mtaratibu:
Tairi ni gumu mkuu, mtetemo wote utapanda kwenye bati. Kandambili angalau inameza.

Fundi_Akala:
Kutoka Kenya, huku raba hiyo tunaiita akala. Kumeza mtetemo ni kazi ya sponji na shokapu, wala si ya hizi raba za chini. Lakini na tairi lichaguliwe. Ukikata kipande chenye nyuzi za chuma zitakula rangi ya fremu na kutu itaanzia hapo. Chukua ubavu wenye nyuzi za kitambaa. Unene utaupata kwa kurundika vipande vya tyubu kwenye pengo mpaka siti iguse bila kusukumwa, kisha ongeza mm 1 au 2 za kubonyea. Ukizidisha, tundu za nyuma hazitakutana na bolti.

Dereva_Mtaratibu:
Sawa, ila saa mbili usiku ukiwa barabarani akala utaitoa wapi?

Fundi_Akala:
Usiku kunja tyubu, ifunge kwenye bomba la fremu, ufike nyumbani. Hapo hatugombani.

Betri_Hai:
Nimesoma hapo juu habari za siti isiyokaa vizuri nikaikumbuka pikipiki moja iliyoletwa gereji siti ikiwa imeungua katikati, shimo la ukubwa wa sahani, sponji imeyeyuka mpaka kwenye rekisini. Tafadhali someni hii yote.

Ilikuwa ya aina ambayo betri inakaa chini ya siti. Betri yake ya awali ni YTX5L: urefu mm 114, upana 71, kimo 106. Ikauzwa YTX7L badala yake. Urefu 114, upana 71, kwa hiyo iliingia kwenye kisanduku bila tatizo. Lakini kimo chake ni 131. Zimeongezeka mm 25, siti ikagoma kushuka. Badala ya kuuliza kwa nini imegoma, watu wawili wakailalia na bolti zikakazwa.

Kifuniko cha mpira cha nguzo chanya kilikuwa kimepotea. Pikipiki ikiwa imeegeshwa bati lilikuwa juu kidogo ya nguzo, hakuna dalili yoyote. Dereva na abiria wakapanda, sponji ikashuka, bati likashuka nayo, likagusa. Umeme ukatoka chanya ukapita kwenye bati, kwenye bolti, kwenye fremu, ukarudi hasi. Fyuzi haikuungua, kwa sababu umeme haukupita kwake kabisa: ulikatia njia kwenye nguzo yenyewe. Bati likawaka jekundu, sponji ikashika. Na sponji ya siti ikishika haisubiri, moshi wake mweusi unakaba, na tangi la petroli liko hapo hapo mbele. Walishuka wote wawili wazima, moto ukazimwa kwa mchanga.

Kila siti inayokataa kushuka ina kitu kinachoizuia. Kitafuteni. Ukitaka kujua nafasi iliyopo, chomoa waya hasi, funga donge la unga uliokandwa ndani ya nailoni, liweke juu ya nguzo, rudisha siti, kaeni wawili, kisha itoe upime donge limebaki nene kiasi gani. Chini ya mm 10, usiendeshe.

Mtu_wa_Tuta:
Ee Mungu. Hiyo ya fyuzi wengi hawaijui.

RekisiniNaSponji:
Mkuu Betri_Hai ahsante sana. Kwenye CG betri iko nyuma ya kava la pembeni, ila waya wa taa ya nyuma unapita chini ya siti. Ukibanwa na bati, fyuzi inakatika kila ukikanyaga breki na watu wanabadilisha swichi bure.

Nduthi_Mlimani:
Siti za kufungwa kwa ufunguo hazina bolti za pembeni. Kuna chuma cha umbo la U kwenye siti na kufuli kwenye fremu. Ikicheza, legeza bolti mbili za kufuli, lishushe mm 1 au 2, kaza. Waya wa kufuli uwe na ulegevu wa mm 2 au 3, ukivutika sana kufuli halifungi mpaka mwisho. Ukisikia "klik" usiridhike, inua nyuma kwa mikono miwili.

Dereva_Mtaratibu:
Na tundu zikishapanuka? Chomelea tu si basi?

SpanaKumi:
Usichomelee siti ikiwa na sponji, umesoma habari ya moto hapo juu. Sponji na rekisini vitoke, siti iwekwe mbali na pikipiki, ndipo uchomelee washa nene, kile kiduara cha chuma chenye tundu, juu ya tundu. Kama ni plastiki, gundi haishiki vizuri kwenye plastiki zile. Weka kipande cha aluminiamu mm 2 juu na chini, piga riveti.

Na bushi isisahauliwe. Ni kibomba cha chuma ndani ya raba ya bolti. Bolti inakaza bushi, raba inabaki na pumzi. Bila bushi raba inasagwa, bolti inalegea. Ukichonga nyingine, iwe fupi kuliko raba kwa mm 1 hivi. Ingiza bolti zote mbili kwa vidole kwanza, ndipo ukaze. Bolti ya M6, spana 10, inatosha nguvu ya kukaza ya Nm 10. Ya M8, spana 12, kama Nm 22. Gundi ya tredi, ile ya kuzuia bolti isilegee, iwe ya bluu, si nyekundu, nyekundu itakudai moto siku ya kufungua.

Halafu mshikaki uachwe. Mtu wa tatu anakaa nyuma ya raba za mwisho, siti inageuka kuwa wenzo, na ulimi wa mbele ndio unaong'oka.

Kijiwe_Sokoni:
Wakuu nimerudi na majibu. Pua iko sawa, haivutiki. Vishimo vya raba viko vinne, raba zipo tatu. Chaki imeonekana kwenye tatu hizo, nyuma kushoto patupu kabisa. Tyubu zilizojaza pengo zimefika mm 9. Nakata kipande cha tairi cha mm 10.

Fundi_Akala:
Kata viwili, ubadilishe na ya nyuma kulia. Ile ya zamani imeshabonyea. Mpya ikikaa upande mmoja peke yake siti itapinda upande wa pili.