EP (albamu fupi) ya nyimbo tano ndani ya bedsita: SM58 au AT2020? DistroKid au CD Baby?

besi_kayole: Wakuu, nisaidieni kabla sijatoa pesa. Nyimbo tano, karibu zote sauti na gitaa kavu tu. Chumba ni bedsita ya ghorofa ya juu, mabati juu, kelele za matatu chini. Intafesi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) ina matundu mawili na volti 48 za kuwasha maiki ya kondensa zipo. Maiki ipi kati ya Shure SM58 na Audio-Technica AT2020? Na nisambaze mtandaoni kupitia nani, DistroKid au CD Baby?

kinanda_kizee: SM58. Kondensa (maiki nyeti kama AT2020) kwenye chumba kama hicho itanasa hadi friji ya jirani.

fundi_mawimbi: Hilo hurudiwa sana, lakini ni nusu ya ukweli. Zote mbili zinasikiliza zaidi mbele. Ukiziweka umbali uleule na kusawazisha gaini (kiasi cha kukuza sauti), kelele za chumba zitakaribiana. Tofauti inaletwa na umbali: SM58 unaimba ukiwa sentimita 5, AT2020 watu husimama sentimita 20. Kila umbali ukipungua nusu, sauti yako inapanda takriban desibeli 6, na kelele ya matatu inabaki palepale. Kutoka 20 hadi 5 ni desibeli 12 umezipata bure.

Gharama yake ni besi kuvimba kwa sababu ya ukaribu. Kata chini ya hezi 80, kisha punguza kidogo kati ya 150 na 250. Geuza maiki pembeni kidogo ya mdomo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka.

Jambo la pili: SM58 hutoa sauti dhaifu kuliko AT2020 kwa desibeli 17 hivi. Mwimbaji wa sauti ya chini atalazimika kufungua gaini karibu yote, na intafesi ya bei nafuu huanza kutoa mvumo hapo. Ukiimba kwa nguvu, hakuna shida.

dada_miksi: Gitaa ndiyo sababu ya kufikiria AT2020. Iweke sentimita 25 ikitazama freti ya 12, si tundu. Mbele ya tundu utapata mngurumo usiotibika. Kama pesa ni ya maiki moja na gitaa ndilo linabeba nyimbo, nunua hiyo na uimbe karibu nayo ukiwa na kichujio cha pumzi.

Blanketi za Gikomba zitapunguza mwangwi, hazitazuia honi. Rekodi kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, zima friji, na mvua ikianza kugonga mabati funga kazi. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti visizidi desibeli -10. Ukisubiri taa nyekundu iwake, sauti imeshapasuka na hairudi.

kinanda_kizee: @fundi_mawimbi sawa, hiyo ya umbali nimekubali. Bado ningenunua SM58, ikianguka inaokotwa kazi inaendelea 😄

mrabaha_ke: Usambazaji sasa. DistroKid unalipa kila mwaka na hawakati asilimia. Ukiacha kulipa, nyimbo zinaweza kushushwa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuziacha. CD Baby unalipa mara moja kwa toleo, wanakata asilimia 9. Anayetoa singo kila mwezi aende DistroKid. EP moja halafu kimya cha miaka miwili: CD Baby. Bandcamp (duka la muziki mtandaoni) iongeze pembeni, wanakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na malipo hupitia PayPal, na kutoka huko unaweza kuyatoa hadi M-Pesa.

Pakia wiki nne kabla. Spotify wanataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri angalau siku 7 kabla ya kutoka. Jalada pikseli 3000 kwa 3000.

besi_kayole: Asanteni. Wimbo mmoja una biti (mdundo uliotengenezwa na mtu mwingine) niliyokodi mtandaoni. Kuna shida?

mrabaha_ke: Soma mkataba. Kama leseni si ya kwako peke yako, usiwashe Content ID ya YouTube (mfumo unaotambua wimbo ndani ya video) kwa wimbo huo: utaanza kudai video za wengine waliokodi biti hiyohiyo, nao wataleta malalamiko. Na hifadhi namba za ISRC (kitambulisho cha kila rekodi) za nyimbo zote tano. Ukihama msambazaji bila kuzitumia tena, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri.