Wakuu, tofauti na "inaboa" tunasemaje kitu kisichonoga?

Mdau_Sinza
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa lugha maana humu kuna watu Kiswahili wamekishika. Mimi naandika maoni mafupi ya filamu, muziki na migahawa ya mtaani kwa ajili ya kijarida cha pale chuoni, sasa nikiwa nasifia maneno yapo kibao, imenoga, imebamba, kali, ya moto, lakini ikija kitu hakijaniridhisha basi kila nikigeuka ni "inaboa" tu. Filamu inaboa, pilau linaboa, msanii anaboa. Jamani pilau na filamu zitakuwaje na kasoro moja? Nataka neno ambalo mtu akilisoma anajua tatizo liko wapi, na lisiwe tusi maana kazi ya mtu naiheshimu hata kama haijanikosha.

MamaTausi_Temeke
Mwanangu karibu, kwa upande wa jikoni maneno yamejaa tele. Mchuzi au uji uliokosa chumvi au sukari huo ni *chapwa*, na hapo tatizo ni kitu kimoja tu, ukikitia mambo yanakaa sawa. Lakini ukisema *haujakolea* ni habari nyingine, chumvi ipo, viungo vipo, ila havijaingia, mpishi alikuwa na haraka. Halafu kuna *kuvia*, muhogo uliovia unaujua? Nje umeiva ukiuma ndani mgumu hata uurudishe jikoni haulainiki tena. Na kuna kile kitamu mno, halua umekula vipande viwili cha tatu hutaki hata kukiona, hicho *kimekukinaisha*. Watu wanasahau hili, wanadhani kitu kisichoridhisha lazima kiwe kimepungukiwa, kumbe kingine kimezidi.

Mzee_wa_Kigamboni
Mama Tausi umenena. Mimi niongeze *dufu*, vijana wa siku hizi silisikii kwao kabisa. Kitu dufu hakina ladha wala hakina maana. Na tafadhali hiyo "inaboa" iacheni, hilo neno ni la kuokota, Kiswahili chetu hakijapungukiwa.

Kijana_wa_Mtaa_wa_Uhuru
Shikamoo mzee wangu, kwa heshima zote hapo kwenye kuboa nakupinga kidogo. Neno limeshaingia na linanyambulika vizuri tu, inaboa, imeniboa, nimeboeka, tena hata bibi zetu wanalisema. Shida yake mimi naiona kwingine. Ukisema imeniboa unatupa habari zako wewe, kwamba ulichoka, ukaangalia saa, ukatamani kuondoka. Ukisema mchuzi chapwa unatupa habari za mchuzi. Mdau anaandika ili wengine waamue kwenda au wasiende, kwa hiyo anahitaji maneno ya aina ya pili.

Mimi niko kwenye vitambaa na kanga kwa hiyo nakupa ya huku kwetu. Kanga inayotoa rangi kwenye maji *inachuja*, na ndiyo maana tunasema msanii *amechuja*, yaani zamani alikuwa na rangi. Huwezi kumwambia hivyo chipukizi aliyetoa wimbo wa kwanza, hana cha kuchuja bado! Shati la juani *limepauka*, sufuria *imefubaa*, vyote hivyo vilikuwa vizuri kabla. Na mzigo uliokaa dukani bila mnunuzi *umedoda*, hapo mzigo wenyewe unaweza kuwa mzuri tu ila watu hawajaupenda, kwa hiyo ukiandika albamu imedoda unaongelea soko, hujasema lolote kuhusu muziki wenyewe. Biashara nzima ikilala ndio *imedorora*.

Mzee_wa_Kigamboni
Marahaba. Kwenye kanga umenikamata, ila kuboa sikubali.

Winga_wa_Kushoto
Waungwana na mpira msiusahau. Watangazaji wetu wanalo *kupwaya*, kiungo anapwaya, neno la suruali hilo, kubwa kuliko mvaaji. Mchezaji si lazima awe mbovu, nafasi aliyopewa ndiyo imemzidi. Mimi nalitumia hata kwa waigizaji, unakuta dada anacheza vizuri sana sehemu za vichekesho halafu wakampa nafasi ya hakimu, anapwaya. Mechi yenyewe ikikosa mashambulizi *imepooza*. Na msichanganye mechi iliyopooza na sare ya bila kufungana, nimeona Simba na Yanga wanatoka bila goli na uwanja mzima wa Mkapa watu wamesimama muda wote, hiyo huwezi kuiita imepooza hata kidogo.

Mdau_Sinza
Asanteni sana aisee, hii ya kuuliza kama kitu hakikuwahi kuwa na ladha, au kilikuwa nayo ikaisha, au imezidi, imenifungua macho kweli. Swali la nyongeza: kuna tamthilia imeanza vizuri mno, waigizaji wazuri, picha safi, ila kisa kimekaa palepale wiki nenda rudi, kila siku wanagombana sebuleni na hakuna siri inayofichuka. Hiyo naiitaje? Chapwa naona siyo.

Kijana_wa_Mtaa_wa_Uhuru
Siyo chapwa kabisa. Mimi ningesema *imedorora* kuanzia katikati, au sema wazi kisa kinavutwa.

MamaTausi_Temeke
Mie ningesema kisa *kimevia*. Kilianza kuiva kikakatikia njiani, na ukisema hivyo waigizaji unakuwa hujawagusa, lawama inakwenda kwa aliyeandika. Ila mwanangu angalia na tahajia, *kuchosha* na *kuchusha* vijana mnavichanganya kila siku. Kuchosha ni uchovu, hotuba ndefu inachosha. Kuchusha ni kutia karaha, mtu anatamani kugeuza uso. Ukiandika tamthilia ya watu inachusha wakati ulitaka kusema inachosha umewatukana, na wewe umesema hutaki matusi.

Mdau_Sinza
Hiyo ya kuvia naichukua mama, yaani *kisa kimevia*, naiandika leo usiku. Shikamoo.

MamaTausi_Temeke
Marahaba mwanangu. Ukimaliza ibandike hapa tuisome.