Mtoto ana mtindio wa ubongo, mazoezi yanasaidia kweli?

MamaTulia: Habarini wapendwa, mwanangu ana mwaka na miezi 4 hajakaa bado, shingo ndo kwanza inakaza. Daktari kasema mtindio wa ubongo aanze mazoezi, bibi yake anataka akakandwe kijijini. Yanasaidia au tunachoma nauli tu?

Mzazi_Tmk: Pole dada. Yanasaidia ila sio muujiza, ubongo ulioumia hauponi, mwili ndo unafundishwa njia nyingine na misuli isijikunje. Wangu tulifundishwa kumkalisha kwenye beseni na kanga tumeziviringisha pembeni, uji anywe kakaa wima maana akilala anapaliwa. Sasa ana miaka 3 anashika kijiko mwenyewe, japo nusu ya uji unaishia kifuani 😂

kaka_fizio: Hospitali ya CCBRT Dar wanayo huduma hiyo ya mazoezi. Ila nusu saa ya kliniki haitoshi, kazi iko nyumbani, kwa hiyo baba na dada wa kazi nao waende wafundishwe, sio mama pekee mpaka mgongo unamuisha.

MamaTulia: Asanteni jamani, nimemsomea baba yake, kasema kliniki ijayo anambeba yeye.