Uboho unatengeneza damu kupita kiasi: naomba kueleweshwa

Mama Zawadi:
Habari zenu. Wiki iliyopita niliambiwa nina polisaithemia vera. Karatasi ya majibu inasema hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) asilimia 56, na kipimo cha jeni ya JAK2 chanya. Daktari alipotaja saratani masikio yaliziba, mengine sikuyasikia.

Miezi minane nikitoka kuoga mwili mzima unawasha kama nimepita kwenye upupu, na kipele hakuna hata kimoja. Sabuni nimebadilisha mara tatu. Usiku nyayo zinawaka moto. Nimeshatolewa damu mara mbili, na sasa nachoka kuliko mwanzo. Dada yangu kaniletea vidonge vya kuongeza madini ya chuma. Nimeze? Na wanangu, nimewarithisha?

Baba Neema:
Pole sana dada. Mimi huu ni mwaka wa tisa. Vidonge hivyo viweke pembeni, usimeze hata kimoja kabla ya kumuuliza daktari wako wa damu. Kila wanapokutoa damu, karibu nusu lita, chuma nacho kinaondoka, na uchovu mwingine unatoka hapo. Lakini upungufu huohuo ndio unaoubana uboho usizalishe. Mimi nilimeza bila kuuliza, na hematokriti ikapanda upesi nikarudi kwenye sindano ya kutolewa damu. Uchovu mwambie waziwazi, wapo wanaobadilishiwa dawa kwa ajili yake.

Wanao usiwahofie. Kwa kawaida kasoro ya JAK2 hairithiwi, hutokea ukubwani ndani ya chembe mama moja ya uboho. Wagonjwa kama 95 kati ya 100 wa ugonjwa wetu wanayo. Chembe yenye kasoro hiyo haingoji kuagizwa, inazalisha tu.

Namba ya hematokriti ya kushika ni 45. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa waliowekwa chini ya asilimia 45 walipata madhara ya damu kuganda ndani ya mishipa machache kuliko walioachwa kati ya 45 na 50. Majibu yako yaandike kwenye daftari, kila kipimo na tarehe yake.

Ni kweli inahesabiwa kwenye saratani za damu, ila huenda polepole. Wengi tunaishi nayo miaka mingi.

Tatu:
Mwasho huo naujua, dada. Naoga maji ya uvuguvugu mdogo, nikitoka nabonyeza taulo tu, sisugui. Nyayo zangu zilitulia baada ya daktari kunianzishia aspirini ya dozi ndogo. Ila mdomo ukipinda, upande mmoja ukilegea, kifua kikibana au mguu mmoja ukivimba, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Mama Zawadi:
Asanteni mno. Vidonge nimemrudishia dada. Nina miaka 47, damu haijawahi kuniganda. Sijapewa haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza uzalishaji wa chembe za damu, ni sawa?

Baba Neema:
Chini ya miaka 60 na hujawahi kuganda damu, wengi huanza kwa kutolewa damu na aspirini tu. Muulize pia kama wengu wako umevimba. Mimi wangu uligunduliwa kwa kuguswa tu chini ya mbavu za kushoto.