Naomba ushauri: shingo za fulana za watoto

Hamjambo wapendwa. Nanunua fulana kubwa za mitumba pale Kongowea na kuzikata nguo za watoto wa miaka 2 hadi 4. Pindo la chini naliacha lilivyo, la kiwandani ni imara kuliko langu.

Shida ni shingo. Cherehani ni ya miguu, mshono wa moja kwa moja tu. Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki. Tundu nakata sentimita 42, ribu (ule mkanda wa kuvutika wa shingoni) 36, na kichwa cha mtoto wa miaka 3 ni kama 49, kikipita tu, unasikia "ta!", uzi umekatika.

Nimeweka sindano ya ncha butu, mishono ikaacha kuruka. Nimelegeza uzi na kukivuta kitambaa kidogo nikishona. Sasa haukatiki, lakini shingo imejaa mawimbi hata baada ya pasi.

Je, nivute ribu peke yake na kuacha mwili wa fulana ulale? Na kuna aliyeweka uzi wa nailoni wa kuvutika kwenye bobini ya cherehani kama hii? Nachelea usije ukamwasha mtoto shingoni, na joto hili la Mombasa.